Timu Ikishika Mkia Inavuna Nini? Thamani ya Chaguo la Kwanza Katika Drafti ya Besiboli

Desemba 2022, klabu za besiboli za Marekani zilikutana San Diego, na kwa mara ya kwanza katika historia ya ligi yao zikapiga droo kuamua nani atatangulia kuchagua kijana katika drafti, yaani mgao wa vijana kwa zamu, ya mwaka unaofuata. Washington Nationals ndio waliokuwa wamefanya vibaya kuliko wote, wamepoteza mechi 107. Droo ikawapita, ikawaangukia Pittsburgh Pirates waliopoteza mechi 100. Julai iliyofuata Pirates walimchukua Paul Skenes, mrushaji (anayemtupia mpigaji mpira) wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, wakampa dola milioni 9.2 za kusaini. Nationals, waliokuwa wa pili, walimchukua Dylan Crews, mwenzake wa timu ile ile ya chuo, kwa dola milioni 9. Fedha zilipishana kwa dola laki mbili tu. Miaka miwili baadaye Skenes alikuwa ametangazwa mrushaji bora wa ligi yake kwa kura zote, na Crews alikuwa bado anatafuta namba ya kudumu.

Watu wakiliona hilo husema chaguo la kwanza ni dhahabu. Ni kweli, lakini si kwa sababu wanayoitaja wengi. Ukitaka kujua lina thamani gani hasa kwa klabu inayofungwa, inabidi ujue klabu hiyo inanunua nini, na nani anayelipa.

Kwa sisi tuliokulia kwenye soka, kinachoshangaza mwanzo ni kwamba huko kushika mkia hakuna adhabu. Hakuna kushuka daraja. Ligi Kuu ya Besiboli, MLB, ina klabu 30, na mwakani zitakuwa hizo hizo 30 hata kama mojawapo itapoteza mechi zote 162 za msimu. Tena walioharibu ndio wanaowekwa mbele kwenye mgao wa vijana. Ni kama timu iliyoburuza mkia Ligi Kuu Bara iambiwe: msihangaike, kipaji bora kuliko vyote nchini ni chenu, na Simba na Yanga hawaruhusiwi hata kumpigia simu.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Kabla ya mwaka 1965 kijana aliyemaliza shule alizungumza na klabu yoyote, na mwenye dau kubwa ndiye aliyempata. Mwaka 1964 Los Angeles Angels walimsainisha Rick Reichardt, mwanafunzi wa chuo, kwa dola 205,000, fedha iliyozidi mshahara wa mwaka wa nyota yeyote wa wakati ule. Wamiliki wakashtuka. Mwaka uliofuata drafti ikaanzishwa, na kijana wa kwanza kabisa kuchaguliwa, Rick Monday, akasaini na Kansas City Athletics kwa karibu nusu ya fedha ile. Sababu iliyotolewa ilikuwa usawa kati ya klabu tajiri na maskini, na usawa kweli uliongezeka. Lakini ushindani ulipoondoka, bei ya kijana nayo ilishuka, na hilo halikutokea kwa bahati mbaya. Mengi yanayofuata hapa yanatokana na jambo hilo.

Klabu inanunua nini?

Chaguo la kwanza ni haki ya pekee. Klabu ikishamtaja kijana, hakuna klabu nyingine inayoweza kumsainisha mwaka huo. Akikataa masharti, kinachobaki ni kurudi shuleni au chuoni asubiri drafti nyingine. Akikubali anapokea fedha za kusaini mara moja, kisha anaingia katika ligi ndogo za klabu hiyo, ambako mishahara ni midogo.

Hazina yenyewe inaanza siku anapopanda ligi kuu. Kuanzia hapo klabu inammiliki kwa misimu sita. Katika mitatu ya mwanzo kwa kawaida hulipwa kima cha chini au zaidi kidogo tu; kima hicho kilikuwa dola 740,000 mwaka 2024 na dola 760,000 mwaka 2025. Mitatu inayofuata mshahara hupangwa kwa makubaliano, au wakishindwana, kwa usuluhishi, na huwa chini ya bei ya soko. Baada ya misimu sita ndipo anakuwa mchezaji huru, klabu zote zinaruhusiwa kumgombea, na ulimwengu unajua kwa mara ya kwanza thamani yake kwa fedha.

Mfano mzuri uko Pittsburgh hapo hapo. Mwaka 2011 Pirates, wakiwa wametoka kupoteza mechi 105, walimchagua wa kwanza mrushaji Gerrit Cole kwa dola milioni 8. Alipokuwa mchezaji huru Desemba 2019, New York Yankees walimpa mkataba wa miaka tisa wa dola milioni 324, yaani dola milioni 36 kwa mwaka. Sasa mtazame Skenes. Alipanda ligi kuu Mei 2024, akawa mchezaji bora chipukizi wa mwaka. Mwaka 2025 aliruhusu wastani wa mikimbio 1.97 tu (mkimbio ni kama bao) kwa kila inningi tisa, yaani vipindi vya mechi nzima, akatwaa tuzo ya Cy Young wanayopewa warushaji bora. Mshahara wake msimu huo, ukiacha marupurupu, haukufika dola milioni moja.

Kwa hiyo thamani ya chaguo la kwanza ni pengo kati ya kile kijana anachozalisha uwanjani na kile anacholipwa katika miaka ile sita. Mchezaji hodari anayelipwa bei yake halisi ni mzuri kuwa naye, lakini haiachii klabu ziada ya kununulia wengine. Hodari anayelipwa dola laki nane anaacha dola milioni 30 mezani kila mwaka. Klabu yenye akili huzitumia kujenga timu kumzunguka. Klabu isiyo na nia huzitia mfukoni.

Ukishaelewa pengo hilo, mambo mengine yanayoonekana ya ajabu yanaeleweka. Mwaka 2015 Chicago Cubs walikuwa na Kris Bryant, aliyechaguliwa wa pili miaka miwili kabla, na kila aliyemwona akipiga kwenye maandalizi alijua yuko tayari kwa ligi kuu. Walimwacha ligi ndogo mpaka tarehe 17 Aprili. Katika kuhesabu ile misimu sita, mwaka mmoja wa utumishi ni siku 172 kwenye ligi kuu. Bryant alimaliza msimu akiwa na siku 171. Siku moja iliyopungua iliwapa Cubs msimu mzima wa ziada wa kummiliki. Alilalamika rasmi, na mwaka 2020 msuluhishi akaamua kwamba klabu haikuvunja kanuni. Baadaye kanuni zililegezwa kidogo: chipukizi anayemaliza katika nafasi mbili za juu za kura za mchezaji bora chipukizi anapewa mwaka kamili hata kama alichelewa kupandishwa. Skenes alinufaika na kifungu hicho, ndiyo maana atakuwa huru baada ya msimu wa 2029 badala ya 2030.

Mfuko ulio nyuma ya jina

Hapa ndipo mashabiki wengi hawatazami, na kwangu mimi ndipo penye utamu wa jambo lote.

Tangu 2012 kila nafasi katika raundi kumi za mwanzo za drafti ina bei elekezi. Chaguo la kwanza mwaka 2023 lilikuwa na bei elekezi ya dola 9,721,000, la pili dola 8,998,500, na kuendelea kushuka. Ukijumlisha bei za nafasi zote za klabu katika raundi hizo unapata mfuko wake wa usajili wa mwaka. Klabu hailazimiki kumlipa kila kijana bei ya nafasi yake. Inachotakiwa ni kutouzidisha mfuko. Ikiuzidisha mpaka asilimia 5 inalipa kodi. Ikipita hapo inanyang'anywa chaguo la raundi ya kwanza la mwaka unaofuata, na hakuna klabu iliyowahi kuthubutu.

Maana yake ni kwamba anayechagua kwanza amepewa vitu viwili kwa pamoja: kijana, na mfuko mzito. Akiweza kumsainisha kijana wake kwa fedha pungufu, kinachobaki kinamnunulia vijana wengine ambao klabu nyingine haziwezi kuwamudu.

Houston Astros walilielewa hilo mwaka wa kwanza kabisa wa kanuni hizo. Walikuwa wamepoteza mechi 106 mwaka 2011, wakapata chaguo la kwanza lenye bei elekezi ya dola milioni 7.2. Wengi walitarajia wamchukue Mark Appel, mrushaji wa Stanford, au Byron Buxton, mwanafunzi wa sekondari kutoka Georgia. Wao wakamtaja Carlos Correa, kijana wa miaka 17 kutoka Puerto Rico, na wakamalizana naye kwa dola milioni 4.8. Kwa Correa hiyo ilikuwa fedha nzuri, kwa sababu alitarajiwa kuchukuliwa nyuma zaidi, ambako asingeipata. Buxton, aliyekwenda wa pili kwa Minnesota Twins, alipata dola milioni 6. Wa pili alimzidi wa kwanza kwa zaidi ya dola milioni moja, na hakuna aliyekosea hesabu.

Zile dola milioni 2.4 zilizobaki zilikwenda wapi? Katika nafasi ya 41 alikuwapo Lance McCullers Jr., mrushaji wa sekondari aliyeteremka kwa sababu alidai fedha nyingi na alikuwa na nafasi ya kwenda chuo. Bei elekezi ya nafasi ile ilikuwa dola milioni 1.26 hivi. Astros wakampa dola milioni 2.5. Miaka mitano baadaye, Oktoba 2017, katika mechi ya saba ya kuamua bingwa wa Ligi ya Amerika (MLB imegawanyika nusu mbili, hii na Ligi ya Taifa) dhidi ya Yankees, McCullers aliingia kurusha inningi nne za mwisho. Mipira yake 24 ya mwisho yote ilikuwa ya kupinda, hakuchanganya hata mmoja wa kasi, na wapigaji wa Yankees wakaujua kila unaokuja wasiweze kuufanya chochote. Astros wakaenda Fainali wakatwaa ubingwa. Kwa hiyo ukiuliza chaguo la kwanza la 2012 liliwaletea nini Houston, jibu la Correa peke yake ni nusu ya jibu.

Ndiyo maana pia kuanguka kwa mpango mmoja kunaweza kubomoa mingine. Mwaka 2014 Astros walichagua wa kwanza tena, wakamtaja mrushaji wa sekondari Brady Aiken na kukubaliana naye dola milioni 6.5. Uchunguzi wa daktari ukaonyesha kano ya kiwiko isiyo ya kawaida, klabu ikashusha dau, familia ikakataa. Aiken hakusaini, na bei ya nafasi yake ikatoka kwenye mfuko. Mfuko ulipopungua, hapakubaki fedha za kutimiza ahadi ya dola milioni 1.5 aliyopewa kijana mwingine kabisa, Jacob Nix wa raundi ya tano, ambaye alikuwa mzima na ameshakubali. Alikosa kwa sababu ya kiwiko cha mwenzake. Jambo hilo linaniuma mpaka leo kila nikilisoma. Astros, wao, walifidiwa: klabu isiyomsainisha kijana wake wa juu hupewa mwaka unaofuata nafasi inayofuatia ile ile. Wakapata chaguo la pili la 2015 wakamchukua Alex Bregman, aliyekuja kuwa nguzo ya timu yao ya ubingwa. Aiken alifanyiwa upasuaji wa kiwiko Machi 2015 na hakuwahi kufika ligi kuu.

Mbinu ya kubana hapa ili kutoa pale imekuwa kawaida. Mwaka 2021 Pirates walimpa mdakaji Henry Davis dola milioni 6.5 wakati bei elekezi ya chaguo la kwanza ilikuwa dola milioni 8.4, na raundi ya tatu wakaweza kumpa Bubba Chandler dola milioni 3 asiende chuo. Davis amesuasua. Chandler anarusha Pittsburgh leo. Na mwaka 2024 fedha kubwa kuliko zote za kusaini hazikwenda kwa wa kwanza, Travis Bazzana kutoka Australia aliyepata dola milioni 8.95, bali kwa Chase Burns na Charlie Condon waliokwenda wa pili na wa tatu, dola milioni 9.25 kila mmoja.

Kwa nini bado ni kamari

Besiboli haifanani na mpira wa kikapu, ambako kijana wa kwanza kuchaguliwa anaanza kucheza mwaka huo huo na anaweza kuigeuza timu peke yake. Kijana wa besiboli hupita ngazi kadhaa za ligi ndogo kwa miaka miwili, mitatu, minne. Wanaotoka sekondari wamekuwa wakirusha au kupiga dhidi ya watoto wenzao, na skauti anakisia mwili na akili vitakavyokuwa miaka mitano mbele. Bega na kiwiko cha mrushaji ni vitu vya kuvunja moyo.

Steve Chilcott, aliyechaguliwa wa kwanza na New York Mets mwaka 1966, hakucheza hata mechi moja ya ligi kuu. Aliyemfuata, Reggie Jackson, aliingia katika Jumba la Mashujaa. Brien Taylor wa Yankees, mwaka 1991, alipewa dola milioni 1.55, akaumia bega katika ugomvi Desemba 1993, na hakufika. Appel, ambaye Astros walikuja kumchukua wa kwanza mwaka 2013 na kumwacha Bryant aende wa pili, aliingia ligi kuu kwa mara ya kwanza mwaka 2022 akiwa na Philadelphia Phillies, na umri wa miaka 30.

Upande wa pili uko Detroit. Mwaka 2018 Tigers walichagua wa kwanza, wakamchukua mrushaji Casey Mize kwa dola milioni 7.5. Katika raundi ya tisa, nafasi ya 255, wakamchukua mrushaji mwingine aliyekuwa amepasuliwa kiwiko chuoni, Tarik Skubal, kwa dola 350,000. Mize amekuwa mrushaji wa kutegemewa baada ya majeraha mengi. Skubal alitwaa Cy Young ya Ligi ya Amerika mwaka 2024 na tena mwaka 2025, mwaka ule ule ambao Skenes aliitwaa ya Ligi ya Taifa. Washindi wawili wa mwaka mmoja: wa kwanza kabisa wa drafti yake, na wa 255 wa yake.

Hii haimaanishi kwamba nafasi ni bahati tupu. Ukizichukua drafti nyingi kwa pamoja, wa kwanza huzaa zaidi ya wa pili, wa pili zaidi ya wa kumi, na mteremko ni mkali juu kisha unalainika. Bei elekezi zenyewe zimepangwa kwa umbo hilo. Lakini klabu moja haichagui mara mia. Inachagua mara moja, kijana mmoja, na kiwiko kimoja.

Na hata ukimpata, unaweza kumtupa. Arizona Diamondbacks walimchagua Dansby Swanson wa kwanza mwaka 2015. Desemba ile ile walimpeleka Atlanta Braves pamoja na wachezaji wengine wawili ili wampate mrushaji Shelby Miller. Miller alimaliza 2016 akiwa ameshinda mechi 3 na kupoteza 12. Swanson alitwaa ubingwa na Atlanta mwaka 2021. Kanuni haziruhusu klabu kuuza chaguo la kwanza lenyewe, lakini hakuna kanuni inayozuia kuuza vibaya kilichotokana nalo.

Je, inafaa kufungwa kwa makusudi?

Hili ndilo swali lililoiwasha ligi kwa miaka kumi. Astros walipoteza 106, kisha 107, kisha 111. Mwaka 2013 walipoteza mechi 15 za mwisho mfululizo, na mechi yao mojawapo ya Septemba iliyoonyeshwa na televisheni ya Houston ilipata kipimo cha watazamaji cha 0.0. Miaka minne baadaye wakawa mabingwa, na klabu nyingine zikasema: kumbe njia ni hiyo.

Mimi naona walijifunza somo baya kutoka kwa mfano mmoja. Tazama chaguo la kwanza lilichangia nini Houston. Kati ya mara tatu walizochagua wa kwanza mfululizo, moja ilizaa nyota, moja ilizaa Appel, moja haikusaini. Jose Altuve, moyo wa timu ile, hakupita kwenye drafti kabisa. Alisainiwa Venezuela kwa fedha ndogo. George Springer alichukuliwa katika nafasi ya 11. Dallas Keuchel alitoka raundi ya saba. Kilichowabeba ni idara nzima ya skauti na makocha waliojua wanachofanya, na mmiliki aliyefungua mfuko ulipofika wakati. Ubingwa wenyewe ulikuja kuchafuliwa na udanganyifu wa kuiba ishara za wapinzani kwa kamera, na hapa kuna ushahidi wa thamani ninayoisema: ligi ilipowaadhibu Januari 2020, iliwatoza faini ya dola milioni 5, na juu yake ikawanyang'anya machaguo ya raundi ya kwanza na ya pili kwa miaka miwili. Adhabu ya machaguo ndiyo iliyouma zaidi.

Baltimore Orioles walifuata njia hiyo hiyo. Mechi 115 walizopoteza mwaka 2018 ziliwapa Adley Rutschman. 110 za mwaka 2021 zikawapa Jackson Holliday. Walishinda mechi 101 mwaka 2023, wakatolewa mapema bila kushinda mechi hata moja ya mtoano, na mwaka 2025 wakamaliza mkiani mwa kundi lao. Mchezaji wao bora kuliko wote, Gunnar Henderson, alichukuliwa katika nafasi ya 42.

Droo iliyoanza 2022 ililenga kukata hamu hiyo. Klabu 18 zisizofika mtoano zinaingia, nafasi sita za juu zinachezeshwa, na tatu zilizofanya vibaya zaidi zina uwezekano sawa wa asilimia 16.5 kila moja. Kwa hiyo aliye wa mwisho kabisa ana asilimia 83.5 za kulikosa chaguo la kwanza, na anaweza kuteremka hadi la saba. Kuna kifungu kikali zaidi: klabu yenye mapato makubwa hairuhusiwi kupata nafasi ya droo miaka miwili mfululizo, na inayopokea ruzuku kutoka mgao wa mapato ya klabu tajiri hairuhusiwi miaka mitatu mfululizo. Chicago White Sox walipoteza mechi 121 mwaka 2024, rekodi ya zama hizi, wakazuiwa na kifungu hicho na kuchagua wa kumi. Mwaka mmoja kabla, Cleveland Guardians, waliokuwa na asilimia 2 tu, ndio walioshinda droo.

Sioni tena hesabu inayoweza kumshawishi mtu mwenye busara atupe mechi kumi za Septemba kwa ajili ya hilo. Lakini droo haikugusa sababu ya ndani zaidi. Klabu isiyotumia fedha inaendelea kupokea mgao wa televisheni wa ligi na ruzuku, iwe imechagua wa kwanza au wa saba. Kufungwa bila gharama bado kunalipa.

Pittsburgh ni ushahidi hai. Mwaka 2025, katika msimu ule wa wastani wa 1.97, Skenes alishinda mechi 10 na kupoteza 10. Mrushaji bora wa ligi, nusu kwa nusu, kwa sababu wapigaji wa timu yake walikuwa miongoni mwa wabovu kuliko wote kwa kufunga mikimbio. Pirates walipoteza mechi 91. Lile pengo lipo, ni kubwa kuliko la karibu mchezaji yeyote aliye hai, na miaka inakatika. Mwaka 2024 umekwenda, 2025 umekwenda. Shabiki wa Pirates ana haki ya kuuliza dola zile milioni 30 za kila mwaka ziko wapi, na nadhani hilo ni swali muhimu kwake kuliko kuuliza timu itachagua ya ngapi mwakani.

Anayelipa

Drafti inawahusu wakazi wa Marekani, Kanada na Puerto Rico, na wote waliosoma huko. Vijana wa kwingineko husainiwa kama wachezaji huru kuanzia miaka 16. Ndivyo walivyoingia vijana wa Uganda: Umar Male na Ben Serunkuma waliosaini na Los Angeles Dodgers mwaka 2022, na David Matoma, mrushaji aliyesaini na hawa hawa Pirates mwaka 2023. Wana uhuru wa kuzungumza na klabu yoyote, uhuru ambao Skenes hakuwa nao, ila fedha zinazowafikia wengi wao ni sehemu ndogo sana ya anazopata kijana wa raundi ya kwanza. Mwaka 2022 ligi ilipendekeza drafti ya kimataifa ambayo ingewaingiza na wao, na chama cha wachezaji kikakataa.

Mfumo wote unasimama juu ya mkataba wa pamoja kati ya wamiliki na chama hicho. Mkataba wa sasa una ukomo wa tarehe 1 Desemba 2026. Bei elekezi, ukubwa wa mifuko, misimu sita ya umiliki na asilimia za droo vyote ni vifungu vya humo, na vyote vinaweza kubadilishwa mezani. Wanachama wa chama ni wachezaji walio tayari kwenye besiboli ya kulipwa. Kijana wa sekondari au wa chuo, ambaye fedha zake ndizo zinazogawanywa, anakuwa mwanachama baada ya kusaini.